Karatasi ya Talaka Iko Wapi?

Mwanamke aliyeachika Tanzania Bara anaweza kuwa na karatasi tatu kwenye mkoba wake na bado, mbele ya sheria, akahesabika kuwa mke wa mtu. Ya kwanza ni barua ya mume, imeandikwa kwa mkono na kusainiwa na mashahidi wawili, inayosema amemwacha talaka moja. Ya pili ni cheti cha BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, chenye muhuri wa wilaya. Ya tatu ni Fomu Namba 3, ambayo Baraza la Usuluhishi wa Ndoa huitoa likishindwa kuwapatanisha wanandoa. Zote ni karatasi halali na kila moja ina kazi yake. Lakini chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakuna hata moja inayovunja ndoa. Kwa ndoa iliyovunjikia Bara, mwenye mamlaka hayo ni mahakama peke yake, na karatasi inayothibitisha kwamba imeyatumia ni tuzo ya talaka iliyotiwa saini na hakimu au jaji.

Jambo hili hugunduliwa kwa kuchelewa. Mtu hukaa miaka kumi akijua ameachika, jamaa wote wanajua, watoto wameshazoea nyumba mbili. Kisha anapata mchumba, wanakwenda bomani kutoa taarifa ya kusudio la kufunga ndoa, ile inayopaswa kutolewa angalau siku 21 kabla, na kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza kama aliwahi kuolewa. Au anataka mkopo kwa dhamana ya nyumba, na benki, kwa kuwa sheria ya ardhi inadai ridhaa ya mwenza kwenye rehani ya nyumba ya familia, inamwambia alete ushahidi kwamba hana mwenza. Au aliyemwacha amefariki, shauri la mirathi limefunguliwa, wajane wawili wamesimama mbele ya hakimu, na kila mmoja anasema mwenzake aliachwa zamani. Hapo ndipo kila mtu anaanza kuuliza karatasi iko wapi.

Hakuna ofisi moja yenye jibu. Kumbukumbu ya talaka Afrika Mashariki hukaa kule ndoa ilikovunjikia, kwa njia iliyotumika kuivunja. Anayeitafuta hana budi kuifuata njia hiyo upya, kutoka baraza hadi mahakama, kutoka mahakama hadi kwa msajili, na aijue kwa majina na miaka. Nitaeleza njia hiyo kwa kirefu kwa upande wa Bara, kwa sababu huko ndiko wengi wanakopotea, kisha nitavuka kwenda Zanzibar na kwa jirani ambako mambo yamepangwa vingine.

Mwanzo wa njia ya Bara ni baraza. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa Baraza la Usuluhishi na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa. Zipo hali chache zisizohitaji hatua hiyo, kama vile mwenza aliyetoroka na hajulikani alipo, au aliyefungwa jela kwa miaka isiyopungua mitano, au mwenye maradhi ya akili yasiyotibika. Mabaraza haya yamo kwenye kata, yamo BAKWATA, na yamo kwenye baadhi ya makanisa na jumuiya nyingine za dini. Cheti chao, hiyo Fomu Namba 3, ni kibali cha kuingia mahakamani. Kwa Waislamu iko hatua nyingine inayochanganya watu. Kifungu cha 107(3) kinasema kwamba baraza likishashindwa, na baada ya hapo mume au mke akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingeivunja ndoa, mahakama itaona kuwa ndoa imevunjika na itatoa tuzo ya talaka. Maana yake ni kwamba sheria haiipuuzi talaka ya kutamka. Inaichukua kama ushahidi na kuipeleka kwa hakimu. Aliyeishia kwa sheikh amefika nusu ya safari, na ni dhuluma kubwa kwamba wanawake wengi hawaambiwi hivyo siku wanapokabidhiwa karatasi.

Mahakama ipi? Kifungu cha 76 kinazipa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu mamlaka sawa ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa hiyo jalada linaweza kuwa kwenye ngazi yoyote kati ya hizo nne. Kwa watu wa kawaida, hasa wasiokuwa na wakili, kisio bora la kwanza ni Mahakama ya Mwanzo. Ni ya karibu, ada yake ni ndogo, na shauri linasikilizwa kwa Kiswahili. Aliyekuwa na wakili na mali nyingi za kugawana aangalie pia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi.

Kosa linalowapotezea watu nauli ni kwenda kutafuta mahali walikofungia ndoa. Jalada la talaka halifuati cheti cha ndoa. Ndoa inaweza kuwa imefungwa kanisani Bukoba, wanandoa wakahamia Mwanza, wakatengana, na mke akafungua shauri kwenye Mahakama ya Mwanzo iliyokuwa karibu na nyumba yao ya mwisho ya pamoja, au karibu na kwao alikorudi. Swali la kujiuliza ni aliyefungua shauri alikuwa anaishi wapi mwezi ule. Halafu kumbuka kwamba mipaka imehama. Wilaya za Ubungo na Kigamboni zilizaliwa katikati ya muongo uliopita kutoka Kinondoni na Temeke. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Geita, Simiyu, Katavi na Njombe ni mikoa ya mwaka 2012. Mkazi wa Kigamboni aliyeachana mwaka 2010 akitafuta kwa jina la wilaya ya leo anaweza kuzungushwa bure, kwa kuwa wakati huo alikuwa mtu wa Temeke na majalada ya ngazi ya wilaya yanaanzia huko.

Ukifika masijala, karani atakuuliza jambo moja kabla ya yote: namba ya shauri. Ukiwa nayo, kazi ni nyepesi. Ukiwa huna, itabidi daftari la mashauri lifunguliwe na kusomwa mstari kwa mstari, na hapo ndipo maandalizi yako yatakapokusaidia. Namba ya shauri hubeba mwaka wa kufunguliwa, wala si mwaka wa hukumu. Talaka iliyotoka Februari 2011 huenda ni shauri la 2009. Ukimwambia karani atafute mwaka 2011 tu, atakuambia halipo, naye atakuwa hajakudanganya. Taja miaka miwili au mitatu kabla ya ile unayoikumbuka.

Majina nayo yana mitego. Mwanamke aliyeolewa kwa jina la baba yake anaweza kuwa aliandikwa mahakamani kwa jina la mume, au kinyume chake. Mohamed wa cheti cha ndoa ni Muhammad wa mahakamani na Mohammedi wa kitambulisho cha NIDA. Majina ya kikabila huandikwa kama karani alivyoyasikia. Kwa vile daftari hupangwa kwa mdai na mdaiwa, kumbuka nani alimfungulia mwenzake, maana jina la kwanza kwenye shauri ni la aliyeshtaki. Pia jiandae kwa uwezekano kwamba hati ya madai haikuomba talaka peke yake. Mashauri mengi huomba talaka, mgawanyo wa mali, matunzo ya watoto na malezi kwa pamoja, na karani wa zamani anaweza kuwa aliandika kwenye daftari lile lililomshika zaidi.

Kwa aliyepoteza namba, ipo njia ya mzunguko ambayo watu wachache huitumia. Ikiwa mmoja wa wanandoa alikata rufaa, hukumu ya Mahakama Kuu au ya Mahakama ya Rufani huenda imo kwenye TanzLII, hazina ya hukumu za Tanzania inayosomwa bure kwenye intaneti. Juu kabisa ya hukumu ya rufaa huandikwa shauri limetoka mahakama gani, kwa namba gani, la mwaka gani. Mistari miwili hiyo ndiyo unayoihitaji kumpelekea karani wa Mahakama ya Mwanzo. Sheria inatoa siku 45 za kukata rufaa kwenye mashauri ya ndoa, na wanaogombania nyumba mara nyingi huitumia nafasi hiyo, kwa hiyo uwezekano wa kuikuta si mdogo. Kwa mashauri ya miaka ya karibuni, tangu mahakama zihamie kwenye mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, namba na tarehe hupatikana kirahisi zaidi. Na kwa mkazi wa Dar es Salaam, kile Kituo Jumuishi cha Temeke kilichoanza mwaka 2021 kwa ajili ya mashauri ya familia kimeweka ngazi kadhaa za mahakama kwenye jengo moja, jambo lililoondoa mengi ya yale maneno ya njoo kesho, nenda ghorofa ile, hilo liko mahakama nyingine.

Sasa uombe nini? Hapa naomba msomaji awe makini, maana watu hutoka mahakamani na furushi la karatasi na kukosa ile moja inayotakiwa. Jalada la talaka lina vitu vitatu vinavyoombwa kila kimoja kwa jina lake. Mwenendo wa shauri ni kumbukumbu ya yote yaliyosemwa, nani alitoa ushahidi gani siku gani. Hukumu ni maelezo ya hakimu: aliamini nini, kwa sababu gani, akaamua nini. Tuzo ni ukurasa mmoja au miwili yenye amri tu, ndoa kati ya fulani na fulani imevunjwa tarehe fulani, mali zigawanywe hivi, watoto walelewe na fulani. Benki, msajili wa ndoa na ubalozi wanataka tuzo. Wakili wa mirathi au wa rufaa atataka na hukumu. Mwenendo unahitajika na wachache, na unabeba aibu za watu wawili zilizosemwa wakati wa hasira. Usiuombe kama huna kazi nao, na ukishaupata usiuache ovyo.

Ombi hufanywa kwa barua fupi kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama husika. Andika majina yote mawili kama yalivyo kwenye shauri na kama yalivyo leo, namba ya shauri au miaka inayokisiwa, jina la hakimu ukilikumbuka, uhusiano wako na shauri, karatasi unayoitaka, na kazi utakayoifanyia. Ambatisha nakala ya kitambulisho. Malipo yoyote yanayodaiwa hupitia kontroo namba ya serikali, na risiti hubaki kwako. Malipo ya mkononi kwa karani si ada. Omba nakala iliyothibitishwa, yaani yenye muhuri wa mahakama na saini inayosema ni nakala halisi ya kumbukumbu iliyopo, na uombe mbili au tatu kwa mara moja. Muhuri wa wakili juu ya fotokopi yako ya zamani ni kitu kingine, na ofisi nyingi haziupokei badala ya muhuri wa mahakama.

Mhusika mwenyewe hapati taabu kubwa ya kujieleza. Wakili wake vilevile. Mtoto wa marehemu, au msimamizi wa mirathi, aende na barua ya usimamizi au cheti cha kifo na kinachoonyesha undugu. Mtu baki, hata akiwa na sababu nzuri kama vile kuchunguza mchumba wa binti yake, ajue kwamba jalada la ndoa lina siri za watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Tanzania mwaka 2023, ofisi yoyote ina haki ya kumuuliza anataka kufanyia nini taarifa za mwingine. Kwa wachumba njia ya staha ni moja: kila mmoja amwonyeshe mwenzake tuzo yake mwenyewe.

Iko hatari ambayo hata wenye tuzo mkononi hawaifikirii. Tuzo ya Mahakama ya Mwanzo inaweza kufutwa huko juu. Mahakama ya Rufani ikiketi Mtwara mwaka 2020 ilikuta kwamba shauri la talaka lilifunguliwa bila cheti sahihi cha Baraza la Usuluhishi, ikasema shauri hilo lilikuwa limefunguliwa kabla ya wakati, na mwenendo wote wa chini ukabatilishwa. Mashauri mengine yamekumbwa na hatima hiyo hiyo, mengine kwa sababu baraza lilitoa barua ya kawaida pasipo kueleza kwamba limeshindwa kusuluhisha. Kwa wanandoa waliohusika maana yake ni nzito: miaka ya kesi imekwenda, na bado ni mume na mke. Kwa hiyo anayeomba nakala ya tuzo ya zamani aulize papo hapo kama kuna rufaa iliyokatwa, na kama ipo iliishaje. Aliye na Fomu Namba 3 aitunze hata baada ya kupata tuzo, kwa sababu siku ya rufaa ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Baada ya mahakama, msajili. RITA, wakala uliochukua mwaka 2006 kazi zilizokuwa za ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, unasajili vizazi, vifo, ndoa na talaka. Watu wengi wanaijua kwa cheti cha kuzaliwa na hawajui kwamba talaka nayo inaandikishwa huko. Usajili huo ndio unaoifanya talaka ya Mahakama ya Mwanzo ya Nachingwea ionekane kwa mtu aliyeko Arusha. Kwa uzoefu wa wanaofuatilia mambo haya, talaka nyingi zinaishia kwenye jalada la mahakama, mwenye nayo hajui kwamba kuna hatua nyingine, na daftari la ndoa linaendelea kusema wawili hao wameoana. Ninaamini mzigo huu umewekwa kwa mtu asiyestahili. Mtu aliyetoka kwenye kesi ya mwaka mzima, mara nyingi mwanamke aliyerudi kwao na watoto, haipasi kuambiwa kwamba ni jukumu lake kubeba tuzo kutoka ofisi moja ya serikali kwenda nyingine. Mahakama na RITA zote ziko kwenye mifumo ya kielektroniki. Tuzo isiyokatiwa rufaa iende kwa msajili yenyewe, bila kusubiri mtu aliyechoka akumbuke.

Jambo hilo linawezekana, kwa sababu majirani wamekwisha kuliandika kwenye sheria zao. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 ilifuta sheria saba za zamani na kuziweka ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu chini ya paa moja. Kuhusu talaka ya Kiislamu, sheria hiyo inamwamuru kadhi, sheikh au imamu aliyetoa amri ya kuvunja ndoa apeleke nakala kwa Msajili wa Ndoa. Mzigo uko kwa mtoaji. Anayetafuta nakala Mombasa, Lamu au Malindi huanzia kwenye Mahakama ya Kadhi, ambayo kwa Katiba ya 2010 ina mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale wote wawili ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Kwa ndoa nyingine, jalada liko mahakama ya hakimu, au Mahakama Kuu kwa kesi za zamani. Mkenya awe mwangalifu na jambo moja: mahakama za huko hutoa amri ya muda kwanza, kisha ya mwisho, na aliyehifadhi ile ya muda pekee atarudishwa na msajili. Hukumu za familia zinazochapishwa na Kenya Law kwa kawaida hubeba herufi za mwanzo za majina. Hilo ni jambo la heshima kwa wahusika, ingawa linamfungia mlango anayetafuta shauri lake kwa jina.

Kongo wana utaratibu ambao mimi naupenda kuliko wote. Chini ya Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, hukumu ya talaka hupelekwa kwenye ofisi ya hali ya kiraia, ile watu wa Goma na Bukavu wanayoiita etasivili, na talaka hiyo huandikwa pembeni mwa hati ya ndoa yenyewe. Anayeomba nakala ya hati ya ndoa anaona hapo hapo kama ndoa ingali hai. Ndoa na mwisho wake vinasomwa kwenye ukurasa mmoja. Ni mapokeo ya sheria za Ubelgiji, lakini faida yake haina taifa: mwanamume hawezi kwenda na cheti cha ndoa ya zamani kudai mali ya mke aliyemwacha, wala mke wa kwanza hawezi kufutwa kwa maneno ya mdomo.

Zanzibar ni nyumba nyingine kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971 haivuki bahari. Visiwani, kwa Waislamu, talaka ya mume ni talaka palepale, na Mahakama ya Kadhi, ambayo sasa inaongozwa na sheria ya mwaka 2017, huingia pale mke anapodai fasakhi, yaani kadhi aivunje ndoa, au khului, yaani kujivua kwa kumlipa mume, pale wanapogombea matunzo au mali, au pale mke anapotaka kuthibitishiwa kwamba ameachwa kweli. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza. Mume ametamka, kaondoka, hakuandika chochote, na mke amebaki si mke si mtalaka. Anaanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lake, anachukua barua, anakwenda kwa kadhi Mwanakwerekwe au Mkokotoni, Chake Chake au Wete, na kadhi anamwita mume. Erin Stiles, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyekaa kwenye mahakama ya kadhi Mkokotoni na kuandika kitabu juu yake mwaka 2009, anaeleza jinsi karatasi na mwandiko vilivyo na uzito mkubwa kwenye mashauri hayo, katika jamii ambayo kwa fikihi neno la mume lingetosha.

Kwa hiyo anayetafuta Zanzibar ana milango miwili. Ikiwa talaka ilipita kwa kadhi, jalada liko kwenye mahakama ya kadhi ya wilaya ile. Ikiwa ilitolewa nyumbani na kuandikishwa, aende Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018 na unaoandikisha vizazi, vifo, ndoa na talaka. Akiomba nakala ahakikishe inataja mambo ambayo karani anaweza kuyaona madogo: ni talaka ya ngapi, ilitolewa tarehe gani, na kama kulikuwa na rejea. Talaka rejea ambayo mume aliifuata kwa kumrejea mkewe ndani ya eda haikuvunja kitu. Karatasi inayosema tu kwamba fulani alimwacha fulani mwaka 1998 haimjibu msimamizi wa mirathi anayetaka kujua kama mama yule alikuwa mke siku bwana alipofariki.

Upande wa Bara Wakristo nao wana karatasi yao inayoleta mkanganyiko. Mahakama ya kanisa ya jimbo Katoliki inaweza kutamka kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, na tamko hilo linamruhusu mtu kufunga ndoa kanisani. Kwa serikali halina nguvu ya tuzo ya talaka. Mkatoliki aliyepita njia zote mbili ana majalada mawili kwenye ofisi mbili zisizoandikiana, na akiomba nakala lazima ajue anaiomba kwa ajili ya padri au kwa ajili ya bomani.

Wapo wanaofuata njia yote hii na mwisho wake wakaambiwa hakuna shauri lililowahi kufunguliwa. Anayeambiwa hivyo asihangaike kutafuta mtu wa kumtengenezea hati. Hati ya kughushi ya mahakama ni jinai, na itamuumbua siku asiyoitazamia. Ukweli ni kwamba hajaachika kisheria, na tiba yake ni kufungua shauri sasa, akianzia baraza, akichukua na ile barua ya zamani ya mume kama kielelezo. Mahakama haimkatazi mtu kwa sababu wametengana miaka mingi, na miaka hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Waliokuwa wakiishi pamoja bila kufunga ndoa, wale ambao kifungu cha 160 kinawachukulia kuwa wanandoa baada ya miaka miwili ya kuishi hivyo mbele ya jamii, nao wakitengana kwa kesi wanapata hukumu ya mali na matunzo. Waitunze vilevile, ingawa hakuna cheti cha ndoa kinachoitangulia.

Kwa talaka za kale kuliko kumbukumbu ya aliye hai, mlango ni wa nyaraka. Kabla ya sheria ya 1971 na kabla mahakama hazijaunganishwa mwanzoni mwa uhuru, Waafrika wa Tanganyika walikuwa wakihukumiwa kwenye mahakama za wenyeji na za maliwali, mbali na Mahakama Kuu iliyoanza 1921. Mtafiti wa ukoo akitafuta neno talaka kwenye madaftari hayo anaweza kutoka mikono mitupu huku kisa chenyewe kipo. Katika makabila mengi kilichopelekwa barazani kilikuwa mahari: baba wa mke arudishe ng'ombe wangapi, watoto wa nani. Kurudishwa kwa mahari ndiko kulikoonyesha kwamba ndoa imekwisha. Atafute kesi ya mahari kwa jina la baba mkwe. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ndiyo yenye hazina ya enzi hizo kwa Bara.

Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, zina mashauri ya makadhi ya enzi ya Usultani chini ya Waingereza, na ndiyo yaliyomwezesha mwanahistoria Elke Stockreiter kuandika kitabu chake cha 2015 juu ya wanawake na sheria ya Kiislamu Zanzibar baada ya kukomeshwa utumwa. Sehemu ya karatasi hizo ni ya hati ya Kiarabu, kwa hiyo nenda na anayeisoma. Kwa familia zilizohamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964 hapa ndipo pa kuanzia, maana bibi aliyeachwa Mji Mkongwe mwaka 1950 hakuandikwa popote Muscat.

Aliye ughaibuni hahitaji kupanda ndege. Ampe ndugu au wakili hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya ofisa wa ubalozi au mthibitishaji wa nchi aliyopo, itaje shauri kwa majina na mahakama kwa jina, na iseme wazi kwamba ndugu huyo anaruhusiwa kuomba na kupokea nakala. Nakala iliyothibitishwa ikitoka, ipitie Wizara ya Mambo ya Nje kuhalalishwa kabla haijatumwa, na kama tuzo ni ya Kiswahili itafsiriwe na mtafsiri anayekubaliwa na nchi inayoipokea, baada ya muhuri na si kabla, kwa sababu muhuri nao hutafsiriwa. Ndugu huyo abaki na nakala nyingine nyumbani kwake.